Mbio Nilizokimbia kwa Jina la Yohana

Mwanangu Salome,

Salamu za kuuliza hali naziruka, maana asubuhi ya leo umeniamkia shikamoo, nikakuitikia marahaba, na hali yako nimeiona mwenyewe: mzima, mwembamba vilevile, na bado umeninunia. Na mimi nimekununia. Ni miezi mitano sasa tunaishi nyumba moja kwa shikamoo na marahaba, pamoja na yale ya lazima, funga zizi, mama yako anakuita. Hata kesho yake baada ya ule ugomvi hukuacha kuniamkia. Kusema kweli nilikuwa naisubiri hiyo shikamoo. Nilikuwa najifanya nafunga kamba za viatu pale mlangoni, kumbe naisubiri.

Nakuandikia nikiwa hapa mashineni. Wewe umepanda bodaboda kwenda Kinyangiri kumuaga bibi yako, na najua hutarudi kabla ya jua kuzama, kwa sababu mama yangu hamwachi mtu aondoke bila kumchinjia kuku. Nimezima mashine. Wateja wamekaa juu ya magunia yao ya alizeti wananinung'unikia, na mmoja ameniuliza kama ndio naandika wosia. Nimemwambia atulie, alizeti haiozi kwa saa mbili. Ukiona alama za mafuta kwenye karatasi ni vidole vyangu. Nimenawa kwa sabuni mara mbili na bado, unavijua.

Habari za masweta sizigusi. Mama yako amekwisha kukufungia matatu, amekuonyesha pa kuweka pasipoti, na amekuambia usile vitu usivyovijua, ingawa huko unakokwenda hujui kitu hata kimoja, sijui alitaka ule nini. Hayo ni yake. Mimi nina langu moja tu, nalo ni ile fomu.

Unaijua habari yenyewe kuliko mimi, lakini niache niisimulie, maana upande wangu hujawahi kuusikia.

Kocha Linda wa kile chuo cha Marekani hajakuona hata siku moja kwa macho yake. Alichokiona kwanza ni muda. Mwalimu Rehema ndiye aliyekupima kwa simu yake miaka yote hiyo, ndiye aliyekupiga video pale uwanjani mjini ulipowaacha wenzako mzunguko karibu mzima, ndiye aliyetuma. Wiki mbili baadaye ukaanza kupanda juu ya lile jiwe nyuma ya zizi kutafuta mtandao, unaongea Kiingereza na upepo unakupiga, na mimi huku chini najifanya nachambua mbegu. Siku uliposhuka ukasema, "Baba, wananitaka. Miaka minne, masomo na chakula na pa kulala, mimi niwakimbilie tu," nilizunguka Iguguno nzima kama mtu aliyenunua lori. Nilimsimamisha hata mtu niliyekuwa sisalimiani naye. Unakumbuka? Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Kisha ikaja fomu. Mliichapisha mjini ili uijaze kwanza kwa kalamu, usikosee ukifika kwenye kompyuta. Ulikuwa mezani, mimi nakula.

"Baba, hapa wanauliza kama nimewahi kufungiwa kushiriki michezo."

"Andika hapana."

"Lakini nilifungiwa."

"Nani huko Marekani anaijua wilaya ya Mkalama? Hata mtu wa redio hakuja siku ile. Andika hapana tusonge mbele."

Ukaweka kalamu chini. Ukasema taratibu, kama unamwambia mgonjwa, "Baba, nimechoka kuwa na kitu cha kuficha. Nataka niende nikiwa mwepesi."

Na mimi nikalipuka. Nikasema basi baki hapa ubebe magunia, na ukikosa usije ukanililia. Nikasema na lile neno lingine, ambalo sitaliandika kwa sababu najua unalikumbuka. Mama yako aliacha kukoroga mlenda, akanitazama kama hanijui. Wewe ukachukua kalamu, ukaandika ndiyo, ukaeleza kila kitu kwa herufi ndogondogo mpaka nafasi ikaisha, ukaendelea pembeni.

Ulidhani nimekasirika kwa sababu ya fomu. Mwanangu, nilikasirika kwa sababu ulifanya mbele yangu, kwa dakika tano, jambo ambalo mimi limenishinda kwa miaka thelathini na tano.

Sikiliza sasa.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilimaliza darasa la saba nisichaguliwe, nikarudi kuchunga ng'ombe wa babu yako kule Kinyangiri. Kukimbia hakunifundisha mtu. Wale ng'ombe walikuwa na tabia ya kutimkia shamba la uwele la jirani, na jirani alikuwa na fimbo, kwa hiyo ama niwawahi ng'ombe ama yeye aniwahi mimi. Sifa zikasambaa kwamba kwa mzee Kitundu kuna kijana anakimbia kama kichaa. Zikamfikia mwalimu wa michezo wa sekondari moja ambayo siitaji jina, maana wengi wa siku zile wameshatangulia mbele ya haki.

Alikuja na baiskeli. Alikuwa na mwanafunzi wake, Yohana, kidato cha tatu, aliyeandikishwa kukimbia mita elfu tano kwenye mashindano ya mkoa, na goti la Yohana lilikuwa limevimba. Akamwomba baba yangu aniazime siku mbili, kama mtu anavyoazima plau. Nikapewa shati la shule na raba. Sikuwahi kuvaa raba maishani mwangu. Akaniambia, "Atakayekuuliza, wewe ni Yohana. Usiongee sana." Kwa vile hata siku zangu za kawaida siongei sana, nikaona kazi rahisi.

Mizunguko kumi na miwili na nusu. Upepo ule wetu wa mwezi wa saba, upande mmoja unakusukuma, upande mwingine unakurudisha. Mimi nilikuwa nimeuzoea upepo kuliko uwanja. Nilipofika mzunguko wa nane sikusikia tena pumzi ya mtu nyuma yangu, na Salome, furaha ile sijawahi kuipata tena, hata siku ya harusi yangu, na mama yako asisome hapa. Nikamaliza. Kipaza sauti kikalia, "Mshindi ni Yohana!" Watu wakashangilia Yohana, Yohana! Na mimi, haki ya Mungu, nikageuka nyuma kuangalia Yohana yuko wapi. Mwalimu akanipiga kiwiko cha mbavu.

Cheti kikaandikwa Yohana. Mwalimu akakichukua, akarudisha na shati. Nikaachiwa zile raba.

Mwezi haukuisha, nikaenda mjini kumpeleka ng'ombe wa baba mnadani. Narudi na fimbo yangu, miguu ina vumbi hadi magotini, napita nje ya ile shule, namwona mzee mmoja anatoka getini anajifuta jasho kwa leso. Gari lilikuwa linamsubiri. Alikuwa kocha kutoka Dar es Salaam, kazi yake kukusanya vijana wanaokimbia awatafutie vyuo vya nje kwa ufadhili. Mashindano yenyewe hakuyaona. Aliona karatasi ya matokeo, akaona muda, akafunga safari. Kama Kocha Linda alivyouona wako. Hayo nimeyajua baadaye, siku ile mimi niliona mzee na leso tu.

Akaniita. "Kijana, wewe ni mwenyeji hapa?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Unamfahamu kijana mmoja mkimbiaji, anaitwa Yohana? Hapa shuleni wananiambia amehama na wazazi wake, hawajui kaenda wapi."

Nyuma yake, getini, alikuwa amesimama yule mwalimu. Hakutikisa hata kichwa. Alinitazama tu. Nami nikajua la kujibu, maana nilishaambiwa: ikijulikana, kikombe ilichopewa shule kinarudishwa, yeye anafukuzwa kazi, na mimi napelekwa polisi. Nilikuwa mtoto wa Kinyangiri, neno polisi lilitosha. Yule mzee alikuwa karibu yangu kiasi kwamba niliona kifungo kimoja cha shati lake kimekatika, kimeshonewa uzi wa rangi nyingine.

Nikasema, "Simfahamu."

Akasema, "Pole yake. Nilimjia na nafasi." Akapanda gari, wakaondoka.

Simfahamu. Mtu ameacha kazi zake Dar es Salaam, kaja mpaka Singida kunitafuta mimi, kaniuliza mimi mwenyewe habari zangu, nikamjibu simfahamu. Nilitembea mpaka Kinyangiri siku ile, sikukimbia hata hatua moja. Na tangu siku hiyo sijakimbia tena isipokuwa kufuata ng'ombe.

Miaka mingi nilimlaumu mwalimu. Ni rahisi, keshakufa, hajibu. Lakini mdomo uliosema simfahamu ni huu ninaolia nao ugali kila siku. Yohana mwenyewe nilikuja kukutana naye mnadani, mtu mzima, mcheshi, akanikaribisha kwake. Kile cheti amekitundika sebuleni, kina kioo. Watoto wake wanajua baba yao alikuwa mwanariadha. Nilikunywa chai yake nikakitazama, nikasema hongera.

Haya hapa nyumbani hakuna aliyekuwa akiyajua. Mama yako nilimwambia juzi, tumeoana miaka ishirini na sita. Aliendelea kupepeta mtama, kisha akasema, "Ndiyo maana." Basi. 

Sasa mtu aliyeungua hivyo ungedhani ataogopa moto. Mimi nilijifunza, ila nilijifunza vibaya. Nilijiambia kosa langu lilikuwa kutoonekana. Nikaapa nikipata mtoto mwenye miguu ile, ataonekana, kwa njia yoyote.

Ukazaliwa wewe.

Ulipokuwa kidato cha pili, shule yako haikupeleka timu kwenye mashindano, usafiri uliwashinda. Ya kata ya jirani ilikuwa inakwenda, na haikuwa na msichana wa mita elfu tatu. Mwalimu wao akaja hapa hapa mashineni, akasimama pale yanapolundikwa mashudu, makapi ya alizeti iliyokamuliwa. Namkumbuka alivyoanza kwa kuzunguka, ooh mzee, unajua mzee. Sikumwacha amalize. Nikasema mchukue.

Wewe ndiye uliyesita. "Baba, wakiniuliza jina?"

"Wewe ni Agnesi."

"Na mimi Salome je?"

Nikakujibu, "Jina ni kitu gani? Miguu si yako?"

Mimi! Mimi niliyegeuka nyuma kumtafuta Yohana, nikakuambia wewe jina ni kitu gani.

Ulishinda, shule zilizoshindwa zikakata rufaa. Waamuzi wakakuuliza, mwalimu mkuu wa shule yenu anaitwa nani, ukasema hujui, wewe si wa shule hiyo. Miaka kumi na mitano, na ulisema kweli mara ya kwanza ulipoulizwa. Wakakufungia mwaka mzima.

Kisha kile kikao cha wazazi shuleni kwako. Wewe umesimama mbele ya darasa na sketi yako ya shule, mikono nyuma. Mwalimu mkuu akauliza, "Nani alimruhusu mtoto huyu?" Mimi nilikuwa dawati la tatu, karibu na dirisha. Ukanitazama mara moja tu. Nadhani ulinipa nafasi. Nikainamisha kichwa nikawa nakagua viatu vyangu kama vimepotea. Ukasema, "Nilijiamulia mwenyewe."

Walikupa adhabu ya kuchotea jiko la shule maji wiki mbili. Kila jioni ulirudi shingo imekakamaa, na mimi nikakuuliza mtihani wa hesabu unaendaje.

Mwaka ule ulikimbia peke yako barabara ya vumbi, na watoto wakikuona wanaimba, mamluki, mamluki. Wakubwa pia. Ulikuwa ukidhani siwasikii kwa sababu ya kelele za mashine. Kelele za mashine si kubwa kiasi hicho. Niliwasikia wote. Ningeweza kutoka nje nikasema, jamani, mamluki wa nyumba hii ni mimi, mwacheni mtoto. Hatua kumi kutoka kwenye mashine hadi barabarani. Hasira ya nini basi, utaniuliza, mwezi wa tatu, mbele ya fomu? Ndiyo hiyo. Kila ulipotaka kuandika kweli, mimi niliona jina langu ndilo linaloandikwa pale.

Na bado sijamaliza, mwanangu, ingawa mteja wa kwanza amekata tamaa kaondoka na gunia lake.

Siku ya tisa baada ya fomu, Kocha Linda alipiga simu. Ulikuwa juu ya jiwe, mimi nyuma ya zizi nawapa ng'ombe mashudu. Hukuniona. Kiingereza chako kinakimbia kuliko wewe, lakini neno baba nalijua, nikalisikia, kisha nikasikia ukikataa. Ukakataa tena. Nikajua umeulizwa lile swali la kikao, na umejibu vilevile.

Kesho yake Mwalimu Rehema akaja hapa. Yule mama hana kuzunguka. Akasema, "Mzee, kocha anauliza nani alimwingiza Salome kwenye ule umamluki, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na mitano hajitumi. Salome kasema ni yeye mwenyewe. Kocha hakuridhika. Anasema ikipatikana barua ya mzazi inayoeleza ilivyokuwa, itamsaidia mbele ya kamati ya chuo. Salome amenikataza kukuambia. Nimekuambia."

Nikamwambia nitaandika kesho.

Kesho ikafika, nikasema mkanda wa mashine umekatika. Na ulikatika kweli, lakini kwani mkanda ndio unaoandika? Keshokutwa nikanunua karatasi nikaandika tarehe. Tarehe tu, Salome. Nikaiweka chini ya godoro. Mwalimu alikuja mara tatu, mara ya nne hakuja.

Majibu yakaja bila barua yangu. Umechukuliwa, lakini msimu wa kwanza wote hutashindana. Utafanya mazoezi na wenzako, siku ya mashindano utakaa pembeni na koti. Kamati itakaa tena kuamua habari ya msimu wa pili. Wewe ulishuka kwenye jiwe ukamwambia mama yako, "Si neno, nitasoma." Mimi nilikuwa mlangoni. Ukapita. Nikakusikia usiku unalia, nikajigeuza upande wa pili.

Basi, hii ndiyo ile barua. Imechelewa miezi mitano. Mwanzo wake ni wako, lakini hapa chini ni pa kwao, na Mwalimu Rehema atakusaidia kupageuza Kiingereza kesho kwenye basi, maana anakusindikiza mpaka uwanja wa ndege na safari ni ndefu:

Mimi Elia, mwana wa Kitundu, mkulima na mkamuaji wa alizeti hapa Iguguno, ndiye niliyemtuma binti yangu Salome akimbie kwa jina lisilo lake. Alikuwa mtoto. Aliuliza, nikamjibu vibaya. Alipoulizwa na waamuzi alisema kweli, na alipoulizwa shuleni alinificha mimi. Nanyi alipowaandikia, mimi nilimwambia awadanganye, akakataa. Mkitaka wa kumfungia, nifungieni mimi. Sijui kama itasaidia. Nimeandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Usinifutie hapo, Salome. Nakujua, utataka kupunguza makali. Wapelekee kama ilivyo. Kamati ikikataa, ikatae ikijua.

Leo asubuhi, bodaboda yako ilipotoa vumbi tu, nilivaa shati jeupe nikaenda shuleni kwako. Nilitaka niseme palepale niliponyamazia. Nikamkuta mwalimu mkuu mpya, binti mdogo, akaniamkia vizuri, akanipa kiti. Nikakataa kiti. Nikasimama nikasema yote, kikao, dawati la tatu, viatu, yote, jasho linanitiririka kama nimebeba magunia ishirini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mzee, mimi nimehamia mwaka jana. Huyo Salome si ndiye anayekwenda Marekani? Hongera sana! Hebu siku moja uje uwaeleze wanafunzi ulivyomlea."

 Nikamwambia asante, nikatoka. Njiani nilicheka peke yangu, kisha sikucheka tena. Wanaoimba mamluki wamesahau, waliokufungia wamehama, mwalimu wangu kafa, Yohana anafurahia cheti chake. Dunia nzima imenisamehe bila hata kujua nimekosa nini. Aliyebaki ni wewe, na wewe ndiye niliyekuogopa kuliko wote.

Nisamehe, mama yangu. Nimekuita mama yangu kwa sababu nilikupa jina la mama yangu mzazi, huyo unayekula kuku wake sasa hivi. Nilikuchagulia jina zuri kuliko yote niliyokuwa nayo, kisha nikakutuma ulivue kama kandambili mlangoni. Sidai unijibu kesho. Hata ukiniamkia tu shikamoo ukapanda basi, nitaelewa.

Sina la kukufundisha kuhusu kusema kweli. Wewe ndiye mwalimu wangu katika hilo, na nilichukia kufundishwa. Nina hili moja tu la mtu aliyevurunda. Huko utaboronga siku moja, usidhani hutaboronga, si mbio tu, utamkosea mtu au utajikosea mwenyewe. Siku hiyo usianze kujiambia kesho. Mimi najua kesho inavyofanya kazi, inakuja na mkanda wa mashine mkononi. Piga simu siku hiyo hiyo, hata huku kukiwa alfajiri, niamshe. Nitapokea, na sitakuuliza habari za mtihani wa hesabu.

Na wakikuruhusu kukimbia, msimu wa pili au hata wa mwisho, umwombe mtu akupigie picha ile karatasi ya matokeo wanayobandika. Usinitumie ya medali. Nataka karatasi, pale jina lilipo, hata ukiwa wa mwisho. Nitakuja nayo hapa mashineni niwasomee wateja wangu wanaonuna.

Jua limeshuka, nasikia pikipiki inakuja upande wa Kinyangiri, sijui kama ni yako. Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako kimoja cha kukimbilia, mama yako hawezi kukipekua, anasema vinanuka.

Kesho pale stendi ya Singida mimi ndiye nitakayebeba begi lako, na sitaongea sana, unanijua. Lakini kondakta ataanza kupiga kelele kama kawaida yao, huyu binti wa kwenda Dar ni wa nani, nani yuko na huyu? Safari hii nitajibu mimi. Nitajibu kwa sauti, stendi nzima isikie, kwamba namfahamu, ni Salome, ni binti yangu.

Baba yako,
Elia